Namna ya kuandika historia ya kazi ya msanifu majengo wa enzi ya Waingereza ukiwa Dodoma: mfano wa J. H. Sinclair

Ikulu ya Chamwino ilizinduliwa tarehe 20 Mei 2023, na Mtanzania yeyote aliyezoea kuiona Ikulu ya Magogoni kwenye taarifa ya habari aliitambua sura yake papo hapo: kuta nyeupe, safu za matao, baraza zenye kivuli nyuma ya matao hayo. Sura hiyo ina mwenyewe. Ilibuniwa na John Houston Sinclair, Mwingereza aliyesomea usanifu majengo, akatumikia utawala wa Zanzibar kwa miaka mingi, na ambaye mchoro wake ndio uliotumika mwaka 1922 kulijenga upya jumba la gavana la Dar es Salaam juu ya mabaki ya lile la Wajerumani. Mji wa Dodoma haumo katika orodha ya kazi zake, lakini wakazi wake sasa wanaishi jirani na umbo alilolichora karne moja iliyopita.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa historia, mwongoza watalii au mwanafunzi wa chuo aliyeko Dodoma au mikoa ya jirani, anayetaka kuandika kwa usahihi historia ya kazi ya mtu wa aina hiyo. Nimemchagua Sinclair kwa sababu habari zake zimetawanyika: kipande kiko Unguja, kipande Dar es Salaam, kipande Mombasa na kipande London. Anayeweza kumwandika Sinclair hatapata taabu kumwandika msanifu mwingine yeyote wa wakati ule.

Anza na jengo moja

Waandishi wengi huanza na tarehe ya kuzaliwa, wazazi na shule. Kwa msanifu aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, mwanzo huo hauna tija, kwa kuwa habari za utotoni mwake ni haba na hazielezi majengo. Ni afadhali kuanza na jengo moja ambalo mwaka wake na mchoraji wake vinajulikana, ulichunguze barabara, kisha umfuate mtu kutoka hapo kwenda mbele na kurudi nyuma.

Chukua daftari la kurasa kubwa, utenge ukurasa mmoja kwa kila jengo, wala usichanganye majengo mawili katika ukurasa mmoja hata kama yako mtaa mmoja. Ukurasa wa Magogoni unaweza kusomeka hivi:

Jina la sasa: Ikulu ya Dar es Salaam. Jina la zamani: makazi ya gavana wa Tanganyika. Mwenye jengo wakati wa ujenzi: serikali ya Kiingereza ya Tanganyika. Msanifu: J. H. Sinclair. Mwaka: 1922. Kilichokuwapo kabla: jumba la gavana wa Kijerumani, lililopigwa mizinga na manowari za Kiingereza mwishoni mwa 1914. Kilichofuata: makazi na ofisi ya Rais baada ya uhuru, umbo lake limerudiwa Chamwino, jumba lililojengwa na SUMA JKT na kuzinduliwa 2023. Chanzo cha kila habari: (andika hapa jina la jalada au kitabu, na ukurasa).

Mstari wa «kilichokuwapo kabla» ndio unaosahauliwa zaidi, na ndio wenye faida kubwa. Bila huo, msomaji ataamini kwamba Sinclair alipewa kiwanja kitupu ufukweni akachora apendavyo. Ukweli ni kwamba Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916 wakiwa wameshaliharibu wenyewe jumba lile miaka miwili kabla, na walipohitaji makao ya gavana walijenga juu ya msingi wa mtangulizi wao. Msanifu anayejenga juu ya magofu hufungwa na upana wa kuta alizozikuta, mahali pa ngazi na mwelekeo wa jengo kwa bahari. Sifa na lawama zake hupimwa ndani ya mipaka hiyo.

Panga miaka kabla ya kupanga sifa

Ukishakuwa na kurasa tano au sita, zipange kwa miaka. Kwa Sinclair, mfululizo mfupi unaotosha kuanzia ni huu: makazi ya mwakilishi wa Uingereza mjini Unguja, ambayo leo ni Ikulu ya Zanzibar, mwaka 1903, kanisa kuu la kumbukumbu la Kianglikana la Mombasa, lililokamilika 1905, Mahakama Kuu ya Zanzibar pale Vuga, 1908, jumba la Dar es Salaam, 1922, na jumba la makumbusho la Mnazi Mmoja, Beit el-Amani, lililofunguliwa 1925 kama kumbukumbu ya amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Tazama sasa miaka, si majengo. Majengo matatu ya kwanza yako ndani ya miaka mitano au sita, kisha linafuata pengo refu hadi 1922. Pengo kama hili halimaanishi kwamba mtu aliacha kufikiri. Mara nyingi linaeleza zaidi kuliko jengo lenyewe. Katikati ya pengo hilo ipo vita ya 1914 hadi 1918, ambayo ilisimamisha ujenzi wa fahari karibu kila mahali. Upo pia mwaka 1913, Zanzibar ilipohamishwa kutoka mikononi mwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza na kuwekwa chini ya Wizara ya Makoloni. Na upo upandaji vyeo wa Sinclair mwenyewe, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikuwa Mkazi wa Uingereza Zanzibar, yaani mwakilishi mkuu wa serikali yake kwa Sultani, kabla Claud Hollis hajakishika cheo hicho. Ndiyo kusema kwamba jumba la gavana wa Tanganyika lilichorwa na mtumishi wa ngazi ya juu wa serikali ya jirani. Jambo hilo peke yake lastahili aya nzima katika maandishi yako, kwa sababu linaonyesha jinsi ustadi wa mtu mmoja ulivyoweza kuazimwa kati ya serikali mbili zilizokuwa na bajeti na watumishi tofauti.

Kwa kila jengo andika tarehe tatu, si moja: ya mchoro, ya jiwe la msingi na ya ufunguzi. Beit el-Amani lilifunguliwa wakati Sinclair ameshaondoka katika cheo cha Mkazi. Anayejua tarehe ya ufunguzi pekee atamweka msanifu mahali ambapo hakuwapo.

Inasaidia pia kumweka mtu wako kando ya mwenzake wa rika lake. Anayefaa zaidi hapa ni Herbert Baker, aliyezaliwa Kent mwaka 1862 na kuhamia Afrika Kusini mwaka 1892. Baker alipata tajiri wa kumbeba, Cecil Rhodes, aliyempa nyumba yake ya Groote Schuur aitengeneze na baadaye akamgharimia safari ya kwenda kutazama magofu ya Ugiriki, Italia na Misri. Kutoka hapo Baker alikwenda kwa hatua za wateja: jengo kuu la serikali mjini Pretoria, lililokamilika 1913, New Delhi, ambako alichora majengo ya ofisi kuu na bunge na kugombana na msanifu mwenzake Edwin Lutyens kuhusu mwinuko wa barabara ya kuelekea kilimani, kisha Nairobi katika miaka ya 1920, ambako alichora makazi ya gavana, na Benki Kuu ya Uingereza mjini London. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1926 na kufariki 1946. Baker alikuwa na ofisi yake, washirika wake na wateja wake; Sinclair alikuwa na mshahara wa serikali na kazi nyingine za mezani zilizomngoja. Usimpime wa pili kwa kipimo cha wa kwanza. Majengo machache ya mtumishi wa serikali si dalili ya kipaji kidogo, na kwa maoni yangu Mahakama Kuu ya Vuga imekaa katika mtaa wake kwa adabu ambayo Baker, kwa mapenzi yake ya kupandisha kila jengo kilimani, hakuijali sana.

Hakikisha mkono ni wake

Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu, na ndipo maandishi mengi ya watalii yanapoharibika. Kwa kuwa Sinclair alipenda matao na kuba, kila tao na kila kuba ya pwani hupachikwa jina lake. Dawa yake ni kurudi kwenye miaka. Beit el-Ajaib, jumba la Sultani mjini Unguja, lilijengwa 1883, enzi ya Sultani Barghash, kabla ya Zanzibar kuwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1890. Zahanati ya zamani ya barabara ya Mizingani, yenye roshani za mbao zilizonakshiwa, ni kazi ya fedha za tajiri wa Kihindi Tharia Topan na ni ya karne ya kumi na tisa. Na Hospitali ya Ocean Road ya Dar es Salaam, yenye kuba zake zinazoonekana toka baharini, ilijengwa na Wajerumani mwaka 1897. Kuba haina uraia. Wajerumani walizitumia, mabwana wa Kihindi na Kiarabu walizitumia, na Waingereza walipofika walizikuta.

Jambo la pili ni kwamba jina lililo kwenye mchoro si lazima liwe la mtu aliyesimama kwenye vumbi. Majengo ya Baker ya Nairobi yalisimamiwa na mshirika wake Jan Hoogterp, aliyekaa huko, huku Baker akiwa mbali. Kwa hiyo jiwekee ngazi ya maneno na usiivunje. Andika «alichora» pale tu ulipoona mchoro, barua au taarifa rasmi inayosema hivyo. Andika «anahusishwa na» pale ambapo waandishi wa baadaye wanasema hivyo bila kutaja chanzo. Andika «lilijengwa wakati wa utumishi wake» pale ambapo huna zaidi ya miaka kulingana. Msomaji makini ataiona tofauti hiyo mwenyewe, wala hutahitaji kumweleza.

Usiwasahau mafundi. Majumba ya Unguja ya wakati huo ni kazi ya waashi wa pwani, waliojua kuchoma chokaa, kupanga mawe ya matumbawe na kulisimamisha tao juu ya mbao za muda hadi chokaa ishike. Majina yao hayamo kwenye vibao, lakini katika taarifa za mwaka za Idara ya Kazi za Umma hupatikana mafungu ya fedha, aina za vifaa na namna vibarua walivyolipwa. Nakili habari hizo katika ukurasa wa jengo husika. Historia ya msanifu isiyotaja jengo liligharimu nini na nani alilijenga ni wasifu wa mazishi tu.

Mahali pa kutafuta karatasi

Mtu wa Dodoma asikimbilie kusafiri. Aanze na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dodoma na maktaba ya mkoa, asome kwanza vitabu vya jumla kuhusu Tanganyika ya Waingereza na Zanzibar ya ulinzi, ili ajue majina ya idara, vyeo na miaka ya mabadiliko. Bila maarifa hayo, jalada la nyaraka humezwa bila kutafunwa.

Baada ya hapo atumie orodha ya Nyaraka za Taifa za Uingereza, zilizoko Kew, London, ambayo husomwa bure kwenye intaneti. Majalada yenyewe kwa sehemu kubwa hayasomeki mtandaoni, lakini orodha inaonyesha kilichopo. Barua za Zanzibar za Wizara ya Makoloni, kuanzia 1913, zimo katika kundi la CO 618. Za Tanganyika zimo katika CO 691. Zile za kabla ya 1913 zitafutwe katika makundi ya Wizara ya Mambo ya Nje, yanayoanza na herufi FO. Kwa jumba la Dar es Salaam itabidi uangalie CO 618 na CO 691 kwa pamoja, kwa kuwa mchoraji alikuwa upande mmoja wa bahari na mlipaji upande mwingine. Mtafiti anayeishia kwenye kundi la Tanganyika peke yake atasoma majibu bila kuona maswali.

Nchini, sehemu kuu mbili ni Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam na Nyaraka za Taifa Zanzibar pale Kilimani. Kote kuwili utahitaji barua ya utambulisho kutoka shuleni, chuoni au ofisini kwako, na kwa Zanzibar uulize mapema kuhusu kibali cha utafiti, maana taratibu zake ni za Serikali ya Mapinduzi na si zile za Bara. Omba barua hiyo itaje mada kwa maneno mapana kidogo, mathalani «majengo ya umma ya enzi ya Waingereza», badala ya jina la mtu mmoja. Jina moja likikosekana kwenye faharasa, mhudumu anaweza kukuambia hakuna kitu, ilhali majengo yake yamejaa katika majalada ya kazi za umma, ardhi na afya. Leta penseli, uache kalamu ya wino mfukoni, na uliza ada ya kupiga picha nyaraka kabla ya kutoa simu.

Soma jengo kwa macho

Kutoka Dodoma, treni ya SGR hukufikisha Dar es Salaam asubuhi na kukuacha na muda wa kuwahi boti ya Unguja. Ukishuka bandarini, kazi za Sinclair zinatembeleka kwa miguu kwa siku moja, kwani Beit el-Amani, Mahakama Kuu na Ikulu ziko karibu karibu kati ya Mnazi Mmoja na Vuga. Nenda mapema asubuhi, kabla jua halijalainisha vivuli, kwa sababu matao husomwa kwa vivuli vyake.

Simama mbele ya Mahakama Kuu, usipige picha kwanza. Angalia jinsi mwanga unavyoishia kwenye tao na jinsi ukuta wa ndani unavyobaki kivulini: tao si pambo tu, ni mwavuli wa ukuta. Hesabu matao ya upande mmoja, kisha ya upande wa pili, uone kama yanalingana. Gusa ukuta pale palipobanduka lipu, utaona kama chini yake kuna jiwe la matumbawe au zege. Kiraka cha saruji juu ya chokaa hutambulika kwa rangi yake ya kijivu na kwa jinsi kinavyopasuka kingoni, kwa sababu saruji haipumui kama chokaa na huzuia unyevu ndani. Kiraka kama hicho ni habari: kinakuambia kwamba unachokitazama si kazi ya 1908 pekee, bali pia ya matengenezo yaliyofuata. Chora kwa mkono, hata kama hujui kuchora. Mkono hulazimisha jicho kuona pale ambapo simu hupita tu.

Kuhusu Ikulu zote tatu, yaani ya Zanzibar, ya Magogoni na ya Chamwino, usipige picha wala kuzungukazunguka ukiwa na daftari bila idhini. Picha rasmi zinazotolewa na serikali zinatosha kwa kulinganisha. Ziweke mbili mezani, ya Magogoni na ya Chamwino, na ulinganishe mambo matatu: uwiano wa urefu na upana wa matao, namna paa linavyomalizika juu, na uhusiano wa jumba na ardhi. Magogoni inatazama mlango wa bandari na inapokea upepo wa bahari. Baraza zake na vyumba vyenye dari za juu vilikusudiwa kuunasa upepo huo kabla ya kiyoyozi kuwapo. Chamwino iko kwenye nyanda kavu, zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, penye mvua za miezi michache tu, vumbi la kiangazi na baridi ya usiku mwezi wa Juni na Julai. Wagogo, waliojenga matembe yenye kuta nene za udongo na paa bapa, walikuwa na jibu lao kwa hali hiyo ya hewa. Kwa hiyo umbo la Sinclair limepandishwa hadi Dodoma kwa sababu ya heshima na mwendelezo wa dola, si kwa sababu ya hewa. Liandike hivyo wazi. Hakuna ubaya ndani yake, na ni jambo ambalo mwandishi wa Dodoma analiona kwa urahisi kuliko mwandishi wa London.

Kuandika na kuhifadhi

Unapoketi kuandika, fuata miaka, lakini usigawe nafasi sawasawa. Jengo ambalo una mchoro wake, gharama zake na barua zake lipewe kurasa. Jengo ambalo una mwaka wake tu lipewe sentensi. Taja mamlaka iliyomwajiri mtu huyu kwa jina lake: alikuwa mtumishi wa utawala wa kikoloni, na majumba ya gavana na mahakama yalikuwa vyombo vya utawala huo. Maelezo ya namna hiyo yawe ndani ya habari ya jengo lenyewe, pale unapoeleza nani aliruhusiwa kuingia kwa mlango wa mbele na nani aliingia kwa wa nyuma, badala ya kuwekwa kama hotuba mwanzoni.

Kwa maneno ya ufundi, tumia yale ambayo fundi wa Dodoma angeyaelewa: tao, kuba, nguzo, baraza, roshani, lipu, boriti, jiwe la msingi. Ukihitaji kutaja mtindo, eleza unaonekanaje kabla ya kuupa jina. Sentensi isemayo kwamba jengo lina matao yaliyochongoka juu na kingo za paa zilizokatwa meno meno humfikisha msomaji karibu zaidi kuliko jina la mtindo lililokopwa kutoka kitabuni.

Chini ya kila picha andika mambo manne: jina la sasa la jengo, mwaka na tarehe ambayo mwaka huo unahusu, nani alilichora kwa ngazi ya uhakika uliyojiwekea, na picha imetoka wapi. Picha za zamani kutoka hifadhi za nyaraka huwa na masharti ya kuchapishwa, hivyo omba ruhusa kwa maandishi na uihifadhi barua ya majibu pamoja na daftari. Maandishi yakikamilika, toa nakala moja kwa maktaba ya shule au chuo chako na nyingine uipeleke katika hifadhi ulikosomea majalada, ukiambatanisha orodha ya namba za majalada uliyoyafungua, kwa mpangilio ule ule wa kurasa za majengo.